Naandika kwa Sikio

Mwanangu wa mwisho, alipokuwa na umri wa miaka minne, alisimama mlangoni alfajiri moja akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Mezani palikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi na daftari nene, lile tuliloliita kaunta buku tulipokuwa shuleni, nami nilikuwa nikiusoma kwa sauti ukurasa mmoja kwa mara ya sita au ya saba, nikisimama kila nilipofika penye sentensi iliyokuwa ikinisumbua, nikibadilisha neno moja na kuirudia, kisha nikilirudisha neno lile na kuirudia tena. Nilimjibu kwamba nilikuwa ninaandika. Aliitazama kalamu, akaiona imelala, akarudi kitandani bila kuridhika na jibu, ingawa lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Nimeandika makala na hadithi fupi kwa zaidi ya miaka 15, na katika muda huo nimejijengea mazoea yanayowashangaza watu wa nyumbani kwangu. Ninahesabu silabi kwa vidole. Ninachora mistari ya penseli kutoka neno moja hadi jingine. Ninawasaka ambaye, ambacho na ndugu zao kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Zamani nilidhani kwamba haya ni mambo mbalimbali yasiyohusiana, lakini siku hizi naona kwamba yote yanalitumikia sikio, na kwamba sikio lenyewe lilifunzwa kabla sijajua kushika kalamu.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani, si mbali na kivuko. Hakusoma shule ya serikali. Kusoma na kuandika alijifunza chuoni, alikopelekwa utotoni kujifunza Kurani, na herufi alizotoka nazo huko ndizo alizozitumia maisha yake yote kuandikia Kiswahili. Kwa mwanamke wa pwani wa umri wake jambo hilo halikuwa la ajabu, kwa sababu lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya hizi tunazozitumia sasa. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa hivyo, na Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, vilevile. Ila herufi hizo zilizaliwa na lugha yenye sauti tofauti na zetu. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch, na alama zake za irabu fupi ni tatu pale tulipo na irabu tano. Waandishi wengi wa zamani waliandika b mahali pa p na f mahali pa v, na alama moja ikabeba i pamoja na e. Neno lililokaa karatasini lingeweza basi kusomwa kwa namna mbili au tatu, na msomaji hakuwa na njia ya kulitambua ila kulitamka, kuliweka kati ya majirani zake, na kusikiliza kama linakaa.

Ndiyo maana bibi hakuwahi kusoma kimya. Kidole kilitembea kutoka kulia kwenda kushoto, midomo ikakifuata, na mara kwa mara alirudi nyuma, akajaribu irabu nyingine, akatabasamu neno lilipokubali. Nikiwa darasa la tatu nilimwuliza kwa nini hasomi moyoni kama mwalimu alivyotufundisha. Alinijibu, "Mjukuu wangu, nikinyamaza mimi, na karatasi nayo inanyamaza." Sikumwelewa wakati ule, lakini tangu nianze kuandika sijapata kuikamilisha kazi hata moja bila kuisoma yote kwa sauti, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho.

Kutokana na hilo, saa zangu za kuandika zilijichagua zenyewe. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kunguruma na kabla jirani hajawasha redio, kwa sababu nahitaji kuisikia sauti yangu bila kushindana na nyingine. Rasimu ya kwanza huwa ya mkono, kwa kalamu ya wino wa bluu, na kompyuta huja baadaye. Mkono wangu unaandika kwa mwendo unaokaribiana na wa mdomo unaosimulia, hali vidole juu ya vibonye hukimbia, na nimegundua kwamba sentensi zilizozaliwa kwa kukimbia hunipa kazi ndefu ya kuzitengeneza.

Kuhusu vidole vya kuhesabia, mimi si malenga. Ninaandika nathari, wala hakuna anayenidai mizani. Lakini nililelewa katika nyumba iliyoghani tenzi, na mtu aliyezoea kipande cha utenzi chenye mizani 8, au mshororo wa shairi uliogawanyika 8 kwa 8, hubaki na kipimo hicho mwilini. Ninapoisoma sentensi, kidole gumba cha mkono wa kushoto hugusa vingine kimoja baada ya kingine, na kikifika mahali pabaya najua kabla ya akili kunieleza. Nayapenda hasa maneno mafupi yanayoanza kwa m na n zinazojitegemea. Mtu ni neno la herufi tatu, lakini lina silabi mbili, na mkazo unaangukia ile m ya mwanzo, isiyo na irabu ya kuiegemea. Nchi vilevile, mbwa vilevile. Nikiwa na sentensi ndefu iliyojaa maneno mazitomazito, huipeleka ikatue kwenye mojawapo ya hayo, nayo hutulia. Kinyume chake hutokea pia. "Mvulana alisimama kwenye mlango" ni sentensi sahihi isiyo na kosa lolote, lakini sikio langu huiona imeachwa ikining'inia, na nikiandika "Mvulana alisimama mlangoni" naisikia ikifungwa.

Kuna furaha nyingine ninayolazimika kuiwekea mipaka, nayo ni ile ka ya masimulizi. Akainuka, akafunga dirisha, akawasha taa: kila ka huivuta mwenzake, na hadithi hujiendea yenyewe kama maji yaliyopata mfereji. Bibi aliweza kuziunganisha kumi na mbili bila kupumua, nasi watoto tukabaki vinywa wazi. Karatasini nimejiwekea desturi ya kuziruhusu tatu mfululizo, kisha ya nne naivunja kwa kuanza sentensi mpya au kwa kubadilisha wakati. Sijui kanuni yoyote ya sarufi inayodai hivyo. Ni pumzi tu. Nikisoma kwa sauti, baada ya tatu pumzi yangu huanza kutafuta pa kukaa.

Nikija kwa amba, naomba msomaji anivumilie, kwa maana hili ndilo jambo linalonichukulia muda mwingi kuliko yote. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alinirudishia insha yenye duara nyekundu 11, na kila duara lilizunguka ambaye, ambacho, ambalo au ambazo. Hakuandika maelezo yoyote. Aliniita mbele, akanitaka niisome insha kwa sauti, na nilipofika kwenye duara la nne nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimeandika "mzee ambaye alinifundisha kusuka ukili" na "kitabu ambacho nilikinunua", wakati lugha imenipa "mzee aliyenifundisha kusuka ukili" na "kitabu nilichokinunua", maneno yanayoubeba uhusiano ndani ya tumbo la kitenzi chenyewe. Kwangu mimi, huu ni mmojawapo wa urembo mkubwa wa Kiswahili. "Mti ulioangushwa na upepo" hutoka mdomoni kwa mwendo mmoja, lakini "mti ambao uliangushwa na upepo" hunilazimisha nisimame njiani na kuokota kitu kisha niendelee.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka amba ifukuzwe kabisa. Kuna mahali ambapo haina mbadala. Kitenzi chenye -me- hakikubali kupachikwa o ya urejeshi, hivyo "wageni ambao wamefika" lazima wabaki na amba yao, na "wageni ambao hawakufika" vilevile, kwa sababu ukanushi wa wakati uliopita nao haukubali. Tena kuna nyakati sentensi imekuwa ndefu, nomino imeachwa mbali, na amba inaponyanyuka msomaji hupata nafasi ya kukumbuka ni nani anayesemwa. Nimewahi pia kuvutiwa na asili yake: kuamba ni kusema, nasi tunalitumia kila siku katika kuambia na katika kwamba bila kulikumbuka. Kwa hiyo, ninapoamua kuiacha amba moja mahali pake, huwa ninaitamka polepole, kama neno lililokuwa likitumika kutaja kusema. Utaratibu wangu ni huu: rasimu ikishakamilika, ninaipitia nikipigia mstari kila amba, ninaisoma sentensi kwa namna zote mbili, na ile inayokaa vizuri sikioni ndiyo inayobaki. Katika makala ya kurasa tano kazi hiyo huweza kunichukua asubuhi nzima, nami siihesabu asubuhi hiyo kuwa imepotea.

Mistari ya penseli ni kwa ajili ya ngeli. Anayependa sentensi ndefu, kama mimi, hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu nomino ikishatangulia na kufuatwa na msururu wa maneno, kitenzi huvutwa na jirani wa karibu na kumsahau mwenyewe. "Maelezo ya fundi kuhusu paa la nyumba na gharama za mbao zilizopanda bei mwezi huo yalituridhisha." Mkono uliochoka huandika zilituridhisha, kwa kuwa mbao zimepita hivi karibuni, na jicho huweza kulipita kosa hilo mara tatu. Ndipo ninapochora mstari kutoka maelezo hadi yalituridhisha, na ukurasa mzima ukishamalizika unafanana na nyavu zilizoanikwa. Sikio hunisaidia hapa pia, maana ma- na ya- huitikiana, na mtu aliyezisikia pamoja tangu utotoni hushtuka zinapotenganishwa.

Programu ya kompyuta yangu haina sikio hilo. Ilipokuwa ikikagua tahajia, iliuchora ukurasa wangu wote mistari myekundu, ikiyashuku maneno yasiyo na kosa: nimekisoma, hawakukisoma, tutakisomea, walichokisoma. Kitenzi chetu kimoja, kikivaa nafsi, wakati, urejeshi na mtendwa, huzaa maneno mengi kuliko orodha yoyote ndogo inavyoweza kubeba. Niliizima, nikarudi kwenye kusoma kwa sauti. Simu nayo nimeinyang'anya kazi ya kunisahihishia, hasa kwa ajili ya ile alama ndogo ya ng', kwa sababu kung'oa ni kutoa kitu chenye mizizi, na ngoa ni wivu, na mwandishi aliyeacha alama hiyo ianguke amesema jambo jingine kabisa. Nikikutana na neno lenye ng' huwa ninalitamka mara mbili, kwa raha ya kulitamka.

Kamusi ninaifungua kila siku, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, nakala iliyokwisha kulegea uti. Nikitafuta tapakaa ninapita kwa tapa, ninashuka hadi tapanya, ninamkuta tapeli akiwa jirani yao, na nusu saa huenda imepita. Sioni haja ya kuiacha tabia hiyo; maneno mengi ninayoyapenda niliyapata nikiwa njiani kuelekea kwa mengine.

Karatasi moja ya bibi ninayo hadi leo, imekunjwa mara nne, na huihamisha kutoka kaunta buku moja hadi jingine kila ninapolimaliza. Ni orodha ya madeni. Bibi alikuwa akiuza papa mkavu barazani, na wanunuzi wake wengi walilipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliandika. Mstari wa tatu una shilingi mbili, na mbele yake neno moja lenye b mbili na a mbili. Yawezekana ni papa, deni la samaki kama mengine. Yawezekana pia ni baba, kwa sababu mjomba wangu alipewa jina la baba yake bibi, na bibi, kwa desturi yetu, hakumwita mwanawe kwa jina lingine ila Baba, naye mjomba alikuwa na mazoea ya kukopa. Kati ya wote waliokuwapo hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Ninapokwama katika uandishi, ninaikunjua karatasi hiyo na kuusoma mstari ule kwa sauti, mara kwa p, mara kwa b, kidole kikitoka kulia. Wiki iliyopita nilisikia papa. Leo alfajiri, nikiwa katikati ya ukurasa huu, nilisikia baba, wazi kabisa, kwa sauti yake.