Kipimo cha ini kwa kuku: AST bila CK haitoshi

Kuku wa kienyeji anayechakura karibu na mahali pa kuyeyushia betri chakavu humeza madini ya risasi pamoja na mchanga. Ndivyo ilivyokuwa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha namna hiyo kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Taabu ni kwamba wengi wakishuku sumu huagiza vipimo vya ini vilevile vya binadamu, yaani vimeng'enya ALT na AST, protini ambazo seli zilizoumia huzivujisha kwenye damu.

ALT iacheni. Ini la kuku linaweza kuharibika vibaya na ALT isitikisike. AST hupanda, ila imo pia kwenye misuli na moyo: kuku aliyekimbizwa uani, akafungwa miguu na kuning'inizwa kwenye pikipiki, anaweza kufika na AST ya juu ilhali ini lake ni zima. Ndiyo maana AST huombwa pamoja na CK, kimeng'enya ambacho hutoka kwenye misuli, si kwenye ini. Zote mbili zikiwa juu, misuli imeumia, na ini bado halijasafishwa jina. AST ikiwa juu peke yake, elekeza macho kwenye ini, lakini uliza kwanza kama kuku alidungwa sindano ya msuli siku chache nyuma, kwa kuwa CK hushuka mapema kuliko AST. Maabara inayopima GLDH (kimeng'enya kingine cha ini) na asidi za nyongo itakupa jibu safi zaidi.

Damu itolewe kwenye mshipa wa bawa, sindano geji 23, uvute polepole. Mililita 2 hadi 3 zatosha. Usivuke asilimia 1 ya uzito wa kuku. Tumia chupa ya heparini, inayozuia damu isigande, na utenganishe plazma (majimaji ya damu) mapema. Plazma ikitoka nyekundu, chembe zimepasuka na AST itadanganya: rudia.

Vimeng'enya havitaji mhalifu. Aflatoksini ya mahindi yenye ukungu huumiza ini vilevile, kwa hiyo pima na chakula. Risasi yenyewe hupimwa kwenye damu nzima, si plazma, kwani karibu yote hukaa ndani ya chembe nyekundu. Chukua pia kuku wa rika na chakula kilekile kutoka mahali pasafi, ulinganishe.

Ini lililochakaa kwa muda mrefu linaweza kuonyesha vimeng'enya vya kawaida, maana seli zilizobaki za kuvivujisha ni chache. Mayai yasiliwe mpaka majibu ya risasi yatoke. Risasi hujikusanya zaidi kwenye kiini.