"Mama Anaendeleaje?"

Nilimuuliza hivyo kijana wa miaka 17 ambaye wiki tatu nyuma, kwenye kiti kile kile, alikuwa amenieleza jinsi walivyomzika mama yake. Akanitazama kidogo, akatabasamu. "Yuko poa, madam." Tukaendelea kuongea mambo ya shule.

Ilikuwa mwaka 2016, mtaani Kayole, Nairobi, nikiwa mwanafunzi wa ushauri nasaha. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Tulipewa stoo ya viti vya plastiki nyuma ya kanisa, na siku hiyo yeye alikuwa wa tano kuingia. Nilikuwa nimechoka, ingawa uchovu si udhuru.

Sikugundua mpaka nikiwa kwenye matatu, tumekwama kwenye foleni hapo Donholm. Jasho likanitoka. Kusahau kuliniuma, lakini kilichonikata maini ni kwamba mtoto yule alinisitiri. Alimfufua mama yake kwa maneno mawili ili mimi nisiaibike.

Darasani tulikuwa tumesoma jaribio la Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaukausha uso, hata nyusi haitikisiki. Mtoto anatabasamu, ananyoosha vidole, anapiga kelele, mwishowe anageukia pembeni. Tuliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Ndani ya ile matatu nikauona uso wangu mwenyewe.

Nilitaka nimpigie simu jioni ile ile nimwombe msamaha. Msimamizi wangu, mama wa maneno machache, akanikataza. "Ukimlilia, atakubembeleza. Ameshakubeba mara moja, usimtwike tena. Akija mwambie ulichofanya, halafu unyamaze." Katika tiba tuliyofundishwa, uhusiano wa watu wawili walioketi chumbani ndiyo dawa yenyewe. Tronick alionyesha kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hupotezana mara nyingi, na mtoto hukomaa kwa kule kupatana tena. Nililijua hilo, na bado niliogopa wiki nzima.

Alifika zikiwa zimebaki dakika 15 katika zile 50 zetu. Akakaa na mkoba mgongoni.

"Wiki iliyopita nilikuuliza mama anaendeleaje," nikamwambia. "Na ulikuwa umeshaniambia alifariki. Nilisahau."

Nikanyamaza. Ukumbini mtu alikuwa akijaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili. Kijana akawa anakwaruza ukingo wa kiti kwa kucha, taratibu, hadi vumbi la plastiki likamwangukia kwenye suruali.

"Watu wakubwa huuliza, halafu wanasahau," akasema. "Nilidhani hata wewe umechoka kuniskiza."

Maneno ya kujitetea yalinijaa mdomoni, nikayameza. Nikamuuliza ilikuwaje kwake kusema mama yuko poa.

Akafikiri. "Ilikuwa tamu kiasi. Kama dakika moja hivi, alikuwa yuko."

Kisha akavua mkoba, akauweka miguuni. Akanieleza jinsi mama yake alivyokuwa akiamka saa tisa usiku kukanda unga wa mandazi ya kuuza steji. Hiliki ilikuwa ghali, akasema, kwa hiyo hakuitia kwenye yale ya wateja. Aliitia kwenye manne tu, yale ya nyumbani.