Ziwa limejigeuza, na shakwe wamerudi Texoma

Jumapili jioni. Mikono bado inanuka samaki hata baada ya kuisugua na ndimu, na nataka kuandika haya sasa hivi maana kesho naanza zamu za usiku na nikishaingia kwenye zamu sikumbuki hata nilikula nini.

Jana tulikuwa Texoma. Kwa asiyelijua, ni ziwa la kuchimbwa na binadamu, au niseme la kuzibwa, liko mpakani mwa Texas na Oklahoma pale mto Red River ulipozuiwa na bwawa la Denison mwaka 1944, ukitoka Dallas unashika barabara ya 75 unapanda nayo kaskazini kilomita kama 120 umefika. Ekari kama 89,000. Mimi nimezaliwa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, kwangu ziwa ni lile ambalo ng'ambo yake huioni, kwa hiyo mwanzoni Texoma nililidharau, mpaka siku upepo wa kaskazini uliponikuta katikati na mawimbi yakaanza kuingia ndani ya boti, tangu siku hiyo nalipa heshima yake na laifu jaketi sivui hata kama maji yametulia kama kioo.

Navua nini, wengine mmeshaniuliza. Navua straipa (striped bass) na besi (bass). Straipa ni samaki mwenye mistari myeusi ubavuni, kwa asili ni wa bahari ya Atlantiki, anapanda mitoni kutaga kisha anarudi baharini. Huko South Carolina walipoziba mito mwaka 1941 wengine wakabaki upande wa juu wa bwawa, watu wakadhani watakufa, kumbe wakazaliana kwenye maji baridi yasiyo ya bahari. Hapa Texoma walipandikizwa kuanzia mwaka 1965, na hili ni mojawapo ya maziwa machache ya Marekani ambako wanazaa wenyewe bila kuletewa vifaranga kila mwaka, kwa sababu mayai yao yanataka kuelea kwenye maji yanayotembea kama siku mbili hivi bila kuzama kwenye tope, na mito miwili inayoingia hapa, Red River na Washita, ni mirefu ya kutosha. Halafu maji yenyewe yana chumvi chumvi, Red River inapita kwenye ardhi yenye chumvi huko juu.

Kila nikielezea hili nawaza sangara. Naye aliletwa, miaka ya hamsini na sitini, akamaliza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa bibi yangu, na pia ndiye aliyenisomesha. Sijawahi kuweza kumchukia wala kumpenda moja kwa moja.

Sasa vuli. Neno lenyewe linanipa shida, maana kwetu vuli ni mvua, ni harufu ya udongo na mama anatafuta mbegu za mahindi. Huku vuli ni majani kuwa mekundu na ukavu, anga ya bluu hadi inauma macho, asubuhi unavaa koti na saa sita unalivua. Na kwa mvuvi ni wakati ambao kila ulichokijua Agosti kinakuwa si kweli tena.

Oktoba mwanzoni tulienda mara tatu hatukupata kitu. Mara tatu! Mimi na mwenzangu, kijana wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi, yeye ndiye mwenye boti na mimi nachangia mafuta na chambo. Kiangazi chote tulikuwa tunawajua straipa walipo, futi thelathini na kitu, unaangusha kipande cha madini ya risasi chenye ndoana hadi chini unakivuta haraka haraka na unashikwa. Oktoba tukaenda palepale, skrini ya sona, kile chombo cha kuonyesha samaki chini ya maji, nyeupe, hamna kitu. Maji yamegeuka rangi, kijani iliyochafuka, mapovu yanakaa juu hayapasuki, na harufu kama ya yai viza.

Nikasoma, nikaelewa. Kiangazi maji ya juu yanapata joto na yanakuwa mepesi, ya chini yanabaki ya baridi na mazito, na hayachanganyiki kabisa, kama mafuta na maji kwenye sufuria. Yale ya chini upepo hauyafikii, majani na vitu vyote vilivyokufa vinaozea kule vinakula hewa yote mpaka inaisha. Straipa anapenda ubaridi lakini kwenye ubaridi hamna hewa, juu hewa ipo lakini joto linamchosha, basi anabanwa katikati kwenye mkanda mwembamba, ndiyo maana Agosti tunamwona kirahisi, tena ndiyo maana Agosti ukimvua ukamrudisha majini mara nyingi anakufa tu, kwa hiyo kiangazi sisi tukishapata wa kula tunaacha. Ikifika vuli usiku unakuwa wa baridi, maji ya juu yanapoa yanakuwa mazito yanazama, siku baada ya siku, halafu unakuja upepo mmoja mkali na ziwa zima linajigeuza, ya chini yanapanda na uchafu wake wote. Siku kadhaa, hata wiki mbili, samaki wanavurugwa. Baada ya hapo hewa inakuwepo kila mahali kutoka juu hadi chini, na samaki anaweza kuwa popote anapotaka. Popote! Hapo ndipo ugumu ulipo.

Nilimpigia baba jioni ile ya safari ya tatu. Baba yangu amevua miaka zaidi ya arobaini, dagaa kwa karabai usiku wa giza na baadaye sangara, na mimi hakuwahi kunipandisha mtumbwini hata siku moja, mwanamke hakupanda, ndivyo ilivyokuwa. Kazi yangu ilikuwa ufukweni, kuanika dagaa na kuwageuza jua likipanda. Kaka zangu wakirudi asubuhi baba alikuwa anawauliza swali lilelile kabla hata hajatazama wamepata nini, upepo ulikuwa wa wapi. Mimi aliniuliza kama maji ya chai yamechemka. Sisemi kwa uchungu, nasema kwa kuwa nalikumbuka sana.

Basi nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umepata?"

"Sijapata baba. Maji yamebadilika, yananuka."

Akanyamaza kidogo. "Yananuka kama yai?"

"Kama yai viza, ndiyo."

"Maji ya chini yamepanda hayo," akasema, hivyo tu, kama mtu anakuambia mvua imenyesha.

Nilikaa kimya na simu sikioni. Mimi nimesoma kurasa na michoro wiki nzima kujua hilo. Akaniambia hata Ziwa Victoria linafanya hivyo, ule upepo wa kusini wa mwezi wa sita na wa saba ukivuma unalichanganya ziwa, na kuna siku maji mabaya yanaingia kwenye ghuba ghafla unakuta sangara wakubwa wanaelea wamekufa bila kidonda, watu wanasema wametiliwa sumu na kumbe ni hewa imewaishia. Nikamuuliza mlikuwa mnafanyaje. Akasema tunashona nyavu, mama, tunasubiri maji yatulie, halafu hatuendi tena walipokuwa, tunamtafuta dagaa kwanza, na dagaa mchana unaonyeshwa na ndege.

Kwa hiyo tukasubiri. Wiki tatu sikugusa fimbo.

Jana tulishusha boti saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa Texas, giza bado, pumzi inatoka moshi. Maji nyuzi 61 za Fahrenheit, yaani kama 16 za kwetu, na yamesafika, ile harufu hamna. Nikamwambia mwenzangu leo naomba nishike usukani mimi. Akanitazama akasema sawa dada, shika. Tukazima sona. Kweli, tuliizima, nilitaka nione kwa macho tu.

Jua lilipochomoza tukaona bata bukini wanapita juu kwa kelele kuelekea mkono wa Big Mineral, huko kuna hifadhi ya Hagerman wanakokaa majira ya baridi. Mwari weupe nao walikuwepo, kundi limekaa kwenye mchanga. Lakini nilikuwa nawatafuta shakwe. Shakwe wanakuja hapa vuli wakifuata shadi, na shadi ndiye dagaa wa huku, samaki mdogo wa fedha anayetembea makundi makundi, kijana wa Uvira anamwita ndagala moja kwa moja na sijawahi kumkosoa. Tukawaona watano wamekaa juu ya maji wamekunja mabawa. Mwenzangu akasema twende. Nikasema hapana, waliokaa wameshiba au wanangoja, tusubiri wainuke. Sijui lile neno lilitoka wapi, nadhani nililisikia ufukweni nikiwa na miaka saba nimeinama juu ya dagaa.

Tukasubiri dakika ishirini hivi. Mmoja akainuka. Wa pili. Halafu kama mtu kafungua mlango, mia, mia mbili, wanazunguka wanajitupa wanapiga kelele, na chini yao maji yanachemka, shadi wanaruka nje kama mvua inayonyesha kwenda juu, na migongo ya straipa inapasua maji, ule mlio, pa, pa, pa. Nikaipeleka boti taratibu nikaizungusha upande ule upepo unakotokea nikazima injini mbali kama mita hamsini, ukiingia katikati kwa kishindo wanazama wote na ukorofi huo umewaharibia watu wengi siku. Upepo ukatusogeza wenyewe.

Kurusha kwa kwanza nilishikwa kabla chambo hakijazama. Straipa havuti kama besi, anaondoka. Rili, lile gurudumu la uzi kwenye fimbo, inalia tu na wewe unashikilia. Huyu alikuwa inchi 19, mnono, tumbo gumu kwa shadi. Sheria hapa ni samaki kumi kwa mtu kwa siku, na kati yao wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufika inchi 20 na kuzidi, na kuna leseni ya Texoma inayokubalika pande zote mbili za mpaka, inafaa kuwa nayo maana ndege hawajui Oklahoma inaanzia wapi na ukiwafuata utavuka. Tulichukua wanane kwa wote wawili, tukawarudisha wengine, wakati huu maji yamepoa wanaondoka na nguvu zao.

Saa nne upepo ukageuka, ukaanza kutoka kaskazini, na nikasema tutoke eneo la wazi. Tukajificha kwenye kijito kimoja, na huko ndiko kwenye besi. Besi mdomo mkubwa vuli anaingia vijitoni kwa sababu shadi wanaingia vijitoni, na wale wa mdomo mdogo wanabaki kwenye mawe na miamba karibu na bwawa. Tulipata wawili tu, wote kwenye kisiki kimoja, kwenye maji ya kunifika kiunoni. Upepo wa kaskazini ukishapita na anga ikawa safi kabisa besi anajibana kwenye kitu anakataa kufungua mdomo, unampitishia chambo puani polepole mpaka achoke. Sina mengi ya kusema juu ya besi, moyo wangu uko kwa shakwe.

Hizi wiki chache zilizobaki ndizo za kwenda, kama mtu anauliza. Maji yakishuka hadi nyuzi 7 za Selsiasi wale shadi wadogo wanaanza kufa kwa baridi na mambo yanabadilika tena. Na mkitoa boti majini mwageni maji yote yaliyomo, kuna kome wadogo wa mistari waliogunduliwa hapa mwaka 2009, wanasafiri na maji ya boti hadi ziwa jingine, wakishaingia hawatoki.

Nyumbani nikawapasua, nikatoa ile nyama nyekundu ya ubavuni maana ndiyo inayoleta shombo, nikapika na nazi ya kopo, bamia pembeni, ugali. Wanangu wakala hadi mchuzi wa mwisho.

Halafu nikampigia baba, kwao ilikuwa asubuhi ya leo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umepata?"

"Nimepata baba. Ndege walituonyesha."

"Nani alikuwa nyuma, anaongoza?"

"Mimi."

Nikasikia redio yake nyuma, na jogoo, na mtu anapita anamsalimia naye hakuitikia. Nikadhani simu imekatika.

"Upepo ulikuwa wa wapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza. Kusini alfajiri, hafifu, halafu saa nne ukageukia kaskazini, na akawa ananikatisha kila mara, ukageuka ghafla au polepole, mawimbi yalikuwa mafupi au marefu, boti uliielekeza wapi, na nikamjibu kila swali mpaka salio likaisha.