Mwalimu wa kuingia buloko tumuandae namna gani

Bandugu, leo naongea juu ya Kasapa ya Lubumbashi, hapana ile ya iniversite, ile ya buloko, ni kusema gereza, na juu ya bamwalimu wenye tunataka waende kule kufundisha wafungwa wenye ulemavu. Formasio, ni kusema mafunzo ya kuandaa bamwalimu hao, zikiwekwa, mara mingi wanaanza na sheria. Sheria iko muzuri: Kongo iko na loi ya watu wenye ulemavu tangu tarehe 3 Mei 2022, na Kanuni za Mandela za ONU (Umoja wa Mataifa), za 2015, juu ya namna ya kutunza wafungwa, zinasema wafungwa wenye hawajue kusoma, na vijana, kuwafundisha ni lazima. Sawa. Lakini mwalimu akishakariri hiyo yote, atafanya nini kipofu akikaa mbele yake?

Kipofu anasoma na vidole, maandishi ya vitone yenye wanaita Braille. Braille ya mkono inatobolewa ku karatasi na poinçon, kachuma kadogo kenye ncha, na hakuna mlinzi wa buloko atakuachia uingie nako hivi hivi. Basi tumufundishe mwalimu kuongea na walinzi mbele ya siku ya somo, kuhesabu vile vyuma pamoja nao akiingia na akitoka, kila siku, bila kununa.

Mwenye ananiumiza roho zaidi ni kiziwi. Ku masomo ya kawaida mutoto asiyesikia anapata ziro, lakini mu buloko anaitwa, hageuke, wanasema ana kiburi, anapata azabu, na hata mwenye akili yake inakawia kushika amri inamukuta vilevile, na hakuna mutu ameuliza kama anasikia. Mwalimu anaweza kuwa wa kwanza kuona ile, kama alifundishwa kuiangalia. Ndiyo maana minaona walinzi wakae mu formasio ile ile na bamwalimu, hata nusu siku tu, hii kwangu inapita Braille.

Tena wengi mule hawajahukumiwa, leo uko naye, kesho anaitwa tribinali na harudi. Usimupangie programu ya mwaka mzima! Somo liishe siku ile ile: kuandika jina lake, kuuliza wamusomee PV yote, ile karatasi yenye wanaandika maneno yake, mbele ya kuweka kidole. Na kama mule ndani kuna mfungwa mwenye anajua alama za viziwi, wamukalishe pembeni ya mwalimu tangu siku ya kwanza.