Eunos Roadster ya 1990: pampu ya maji imekwisha

Ijumaa jioni

Nimehakikisha leo. Pampu ya maji ndiyo iliyokwisha, si feni wala rejeta. Kwa muda nilikuwa naona chupa ya akiba inapungua na chini ya gari pakavu. Kisha ikaja harufu tamu ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini, kila nikizima injini. Halafu juzi, kwenye foleni ya Mwanakwerekwe hapa Unguja saa saba mchana, mshale wa joto ukatoka katikati unapokaa siku zote ukaanza kupanda. Nikafungua hita mpaka mwisho, nikateremsha vioo, nikatafuta upenyo wa kutoka. Hita miguuni katikati ya kaskazi ni adhabu, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na ukibanwa ndiyo inayokuokolea silinda hedi, kichwa cha injini.

Kwa asiyeijua gari hii: Eunos Roadster ndilo jina ambalo Mazda waliiuzia MX-5 kule Japani kuanzia 1989. Yangu ni NA6CE, injini B6-ZE ya cc 1,597, kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu), valvu 16, taa za kuinuka. Bloki ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda, na gasketi ikishaachia pale hukutengenezi gari kwa pesa ya pampu tena. Injini yenyewe inatoka ukoo wa injini za Familia, ambako hulazwa kwa upana wa gari. Mazda walipoisimamisha kwa urefu ndani ya Eunos, mlango wa kutolea maji ulihamishiwa mbele, karibu na pampu. Kwa hiyo maji mengi hupita silinda za mbele yakatoka zake, na silinda ya nne kule nyuma ndiyo inayopata mgao mdogo. Gari hii ikichemsha, wa kwanza kuumia ni yule wa nyuma ambaye geji haimwoni vizuri.

Jinsi nilivyopima: injini ikiwa baridi, nilianza na feni. Inawaka na kuzima kwa wakati wake. Kizibo cha rejeta kizima, mpira wake haujapasuka. Nikalegeza mkanda wa alteneta, ambao ndio unaoizungusha pampu, nikaishika puli ya pampu juu na chini nikaitikisa. Ikacheza. Nikaizungusha taratibu kwa mkono, ikakwaruza kama ina mchanga ndani. Kwa tochi, chini ya kava la mkanda wa taiming, ule unaozungusha kamshafti kutoka krenki, shafti kuu ya injini, kuna mstari wa chumvi nyeupe yenye ukijani unaoteremka mpaka kwenye puli ya krenki. Hapo hakuna tena cha kubahatisha.

Pampu hizi zina kitundu kidogo tumboni, na watu wengi hudhani ni kasoro. Ndani mna shafti inayokaa kwenye beringi, na kati ya beringi na maji mna sili inayozuia maji yasipite. Sili ikianza kulika, maji yanayopenya hutolewa nje kupitia kitundu kile yasiingie kwenye beringi. Kitundu kikitoa maji, pampu inakwambia mapema. Ukikiziba kwa gundi, kama nilivyoona kwenye chombo kimoja, maji yanaingia kwenye beringi, beringi inashika kutu, na siku itakapoganda mkanda unakatika na alteneta inakwenda nayo.

Jumapili

Mbele yote iko chini. Rejeta, feni, mikanda, kava la valvu, makava ya taiming. Kwenye injini hii pampu huzungushwa na mkanda wa nje lakini mwili wake umefungwa nyuma ya mkanda wa taiming, kwa hiyo huwezi kuifikia bila kuutoa ule wa taiming. Ndiyo maana mafundi wengi hawaipendi kazi hii, na ndiyo maana pampu na mkanda wa taiming ni ununuzi mmoja. Kwenye kava nimekuta stika ya Kijapani ya siku mkanda ulipobadilishwa na kilomita zake. Kiwango ni kilomita 100,000, nao umeshavuka. Uzuri wa B6-ZE hii ni kwamba mkanda ukikatika valvu na pistoni hazigongani, gari inazima tu. Lakini kuzima kwenye msitu wa Jozani usiku, hakuna hata taa ya nyumba, sitaki pia.

Boliti moja ya pampu iligoma. Chumvi ya pwani haichagui gari. Hata ninayoilaza ndani ya banda huku Mtoni, boliti za mbele zimeota kutu kichwani. Nimeipulizia mafuta ya kutu, nikaiacha ikae, nikaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, nikarudi nayo kwa spana ya rungu ya namba 12, mbele kidogo na nyuma kidogo, mpaka ikalia ikaachia. Ukiivuta kwa hasira inakatikia ndani ya bloki, na hapo ni kutoboa.

Pampu ilipotoka ndipo nilipoelewa kilichoiua. Mapezi ya chuma yanayosukuma maji yameliwa ncha, membamba kama wembe, na moja lina tundu. Ndani ya bloki kuna tope jekundu. Penye uso wa sili kuna ukoko mweupe mgumu ambao kucha haiutoi, nikaukwangua kwa kisu ukadondoka vipande vipande. Ukoko ule naujua. Ndio ule unaoota ndani ya birika la chai nyumbani.

Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji ya kisima yanapita humo yakachukua chokaa, na visima vya karibu na pwani vina chumvi juu yake. Ukiyatia kwenye rejeta, yanapata moto, chokaa inabaki. Inabaki kwenye njia nyembamba za rejeta, inabaki kwenye thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, na inabaki kwenye uso wa sili ambao unatakiwa uwe laini kabisa. Kila pampu ikizunguka, punje zile zinaisugua sili. Chumvi nayo inafanya kazi yake kwenye chuma na aluminiamu. Mwenye gari kabla yangu alikuwa akijazia maji ya bomba la uani, na hakuwa peke yake, nusu ya vyombo vya mji huu vinakunywa hayo.

Mzee wangu fundi wa Jang'ombe alipita kuangalia. Nikampa shikamoo, akaitikia akainama juu ya injini.

"Mwanangu, gari ngapi zinakwenda Makunduchi na kurudi kwa maji ya kisima?"

"Nyingi, mzee. Na ngapi zimepita mikononi mwako zimeungua gasketi ya hedi?"

Akaishika pampu, akaigeuza upande wa mapezi, akakaa kimya muda. "Kweli. Hizi hatuzifungui tukaziangalia. Tunazitupa, tunafunga nyengine."

Ndilo jambo linaloniuma. Tunabadilisha pampu bila kubadilisha maji, kisha tunasema spea za siku hizi hazidumu.

Tahadhari moja kwa wenye wanyama, maana mtaani kwetu paka hawana idadi: kulanti ina ladha tamu na ni sumu kali. Paka akilamba kidogo tu figo zinakufa. Niliyoikinga ipo kwenye dumu lenye kifuniko, na sakafu nimeimwagia maji mengi.

Kusubiri spea

Duka moja la mjini lilinipa pampu iliyoandikwa Mazda. Nikaiweka pembeni mwa ya zamani, puli kwa puli, tundu kwa tundu. Matundu yalilingana, lakini uso wa kukaa gasketi ulikuwa na mabonde, na mapezi yalikuwa mafupi. Nimeirudisha. Nimeagiza ya GMB kwa namba ya chesisi kupitia mtu wa Kariakoo Dar, imekuja kwa boti pamoja na mkanda wa taiming, beringi mbili za mkanda, sili za kamshafti na ya mbele ya krenki, thamostati na hozi zote. Ni pesa, lakini kazi ya kufumua ni ileile ukibadilisha kimoja au vyote.

Thamostati mpya siifungi kabla ya kuijaribu. Sufuria ya maji jikoni, kipimajoto ndani, thamostati inaning'inia kwa uzi isiguse chini. Hii imeandikwa nyuzi 88, na ilianza kufunguka hapohapo. Inafungwa kitundu chenye kipini kikiwa juu, hewa ipate pa kupitia.

Kufunga

Uso wa bloki niliukwangua kwa kipande cha plastiki ngumu, chuma kingeuchimba, nikaupangusa kwa petroli. Gasketi mpya, kavu. Boliti nimezisafisha nyuzi kwa brashi ya waya na kuzifunga kwa mkingamo, nyutoni mita 19 hadi 25, kila moja kidogo kidogo.

Taiming ndiyo niliyoitulizia moyo. Alama ya I kwenye puli ya kamshafti ya kuingizia na E ya kutolea zote juu, na kati yake meno 19 ya mkanda. Niliyahesabu, nikamwita mdogo wangu naye ayahesabu bila kumwambia ninachotarajia. Kisha nikaizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata saa, alama zikarudi mahali pake. Mkanda wa alteneta usikazwe kupita kiasi, unaivuta beringi ya pampu upande mmoja mchana kutwa. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ucheze kama sentimita moja.

Sasa maji. Mfumo unachukua lita 6: lita 3 za kulanti isiyochanganywa na lita 3 za maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Someni chupa, pembeni yake huwa kuna tindikali, na hiyo siyo. Kabla ya hapo nilisukutua bloki na hita kwa mpira mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikamalizia kwa maji ya betri ili yale ya bomba yasibaki ndani. Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu. Barafu hatuna, lakini ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kizibo nacho kina kazi yake: cha presha ya 0.9 kikibana vizuri, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Kizibo kilicholegea kinakurudisha kwenye 100, na 100 katika foleni ya kaskazi si mbali.

Kutoa hewa: niliinua mbele kwa jeki na stendi, hita wazi, nikamimina polepole huku nikiminya hozi ya juu. Mapovu yalitoka, yakanyamaza, yakatoka tena makubwa thamostati ilipofunguka. Sikufunga kizibo mpaka feni ilipowaka ikazima yenyewe.

Barabarani

Nimekwenda Paje kwa njia ya Tunguu na Kitogani, paa limekunjwa, nikarudi mchana nikapita Mwanakwerekwe kwa makusudi. Mshale haukutikisika. Nilipofika nilipima kwa bunduki ya joto kwenye nyumba ya thamostati: 90. Nyuma ya hedi, penye silinda ya nne: 97. Chupa ya akiba ipo kwenye mstari uleule niliouweka alama kwa kalamu.

Ile tofauti ya mbele na nyuma bado siipendi. Rejeta nayo ni ya asili, tangi lake la plastiki juu limegeuka rangi ya kahawia, na plastiki ikifika hapo hupasuka bila taarifa. Kwa hiyo kinachofuata ni rejeta ya aluminiamu, na kurudisha mlango wa maji nyuma ya hedi kama ulivyokuwa kwenye Familia, maji yapite silinda zote nne kabla ya kutoka. Bomba la kupitisha pembeni mwa injini nimeshaanza kulipima. Nafasi karibu na ukuta wa injini ni finyu, sensa ya kamshafti imekaa hapohapo, na fundi wa kuchomelea anataka kiolezo cha kadibodi kwanza. Kiolezo nakikata kesho.