Jaribio lilipita kwa wanafunzi kumi, likaanguka kwa wa kumi na moja

Kaka mmoja niliyemtegemea kwa mambo ya programu aliniambia kuhusu kujaribu upangaji, "Alama zikishapangika imetosha, usipoteze muda." Ushauri ule ulinilia karibu wiki nzima na vifurushi vya intaneti sijui vingapi.

Programu yangu inachapa matokeo ya darasa. Kwanza napanga kwa majina, kisha kwa alama, ili waliofungana wabaki kwa mpangilio wa majina. Mwalimu wa taaluma akapiga simu: wenye 61 wamevurugika, wa Z yuko juu ya wa B.

Jaribio langu la zamani, yaani kodi fupi ya kukagua programu, lilipanga namba tupu. Sasa 61 mbili zikibadilishana nafasi, nani atajua? Nikaandika jingine lenye majina, wanafunzi sita. Likapita. Nikafika kumi, likapita, na nililirudia hadi adhana ya alfajiri. Nilipomwongeza wa kumi na moja, likaanguka. Niliruka kitini! Seva ilikuwa bado na Node 10, programu inayoendesha JavaScript. V8 ya wakati ule, injini ya JavaScript iliyo ndani ya Node na Chrome, orodha ya vipengele 10 au pungufu iliipanga kwa kuchomeka kimoja kimoja mahali pake, na waliolingana hawapitani. Ikizidi hapo inahamia njia ya haraka ya kugawa makundi, isiyojali nani alitangulia. Toleo la 7.0 la mwaka 2018, lile la Chrome 70, ndilo lililorekebisha. ECMAScript 2019, kanuni rasmi za JavaScript, ikafanya kutopitana kwa waliolingana kuwa sharti.

Siku hizi kila rekodi naipa namba ya foleni kabla ya kupanga. Rekodi 1,000, alama za aina tano tu, ili zifungane kwa wingi. Baada ya kupanga napita mbili mbili: alama zikilingana, namba ya foleni ya iliyotangulia lazima iwe ndogo. Na kilinganishi, kile kipande cha kodi kinachoamua nani atangulie kati ya wawili, kirudishe 0 kwa waliolingana, wengi hurudisha kweli au si kweli.

Jaribio lenyewe nalo nililijaribu. Nililiwekea upangaji usiotunza foleni, ule wa kuchagua kidogo kuliko vyote na kukibadilisha na cha mwanzo: 2a, 2b, 1 (herufi zinatofautisha 2 mbili) ikatoka 1, 2b, 2a. Likaikamata papo hapo, na hapo ndipo nikaliamini.

Nikapandisha Node, na jina nikaliweka ndani ya kilinganishi kwa alama zinazofungana. Orodha ya wanafunzi 43 mwalimu aliibandika ubaoni Jumatatu.