Buildroot: `select` haipangi zamu ya ujenzi

Buildroot ni zana ya kujenga mfumo mzima wa Linux kwa vifaa vidogo. Kila kifurushi chake kina `Config.in` na faili ya `.mk` (maelekezo ya ujenzi), na hizo mbili lazima zikubaliane. Zisipokubaliana, hitilafu haijitokezi papo hapo, na ndiyo maana inasumbua.

`Config.in` ni ya menyu. Mstari `select BR2_PACKAGE_LIBGLIB2` unaiwasha maktaba, lakini hausemi ijengwe lini. Zamu inapangwa na `FOO_DEPENDENCIES = libglib2` ndani ya `.mk` (foo ni jina la mfano la kifurushi chako). Ukiusahau mstari huo, ujenzi mzima unaweza kupita kwa kuwa maktaba ilitangulia kwa bahati tu. Endesha `make foo` kwenye saraka safi, na ujenzi utakwama. Jaribio hilo lifanyike kwa kila kifurushi kipya.

Tena `select` haijali masharti ya kile inachokiwasha. Libglib2 inadai `BR2_USE_WCHAR`, `BR2_TOOLCHAIN_HAS_THREADS` na `BR2_USE_MMU`, kwa hiyo nakili `depends on` hizo zote kwenye kifurushi chako.

Kwa kitegemezi cha hiari, kama OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), andika pande zote mbili:

```
ifeq ($(BR2_PACKAGE_OPENSSL),y)
FOO_CONF_OPTS += --with-ssl
FOO_DEPENDENCIES += openssl
else
FOO_CONF_OPTS += --without-ssl
endif
```

Watu wengi huiacha `else`. Hapo `configure`, skripti inayoandaa ujenzi, hujitafutia yenyewe, na ikiikuta OpenSSL iliyoletwa na kifurushi kingine inaiunganisha. Usanidi uleule, matokeo tofauti.

Ukiwasha OpenSSL baada ya foo kujengwa, Buildroot haitaijenga foo upya. Endesha `make foo-dirclean`, kisha `make`. Kuzima kifurushi ni kugumu zaidi: faili zake hubaki `output/target` hadi `make clean all`. Inachukua muda, lakini usisambaze imeji (faili ya mfumo uliokamilika) bila hatua hiyo.

Mabadiliko ya menyu yahifadhi kwa `make savedefconfig`, inayoandika defconfig, yaani faili fupi ya machaguo yako. Mabadiliko ya BusyBox (kifurushi cha amri za msingi za Linux) hayamo humo: `make busybox-menuconfig` huandika ndani ya `output/build`, na `clean` inayafuta. Elekeza `BR2_PACKAGE_BUSYBOX_CONFIG` kwenye faili yako, halafu `make busybox-update-config`.

Baada ya kupandisha toleo la Buildroot, pakia defconfig yako na utafute kila chaguo lako kwa `grep` ndani ya `.config`. Chaguo ambalo sharti lake halikutimia huondolewa kimyakimya, bila onyo lolote.